Faini Isiyouma

Anayekopa Sh3,000 kwa simu hudhani amejidhamini mwenyewe. Kumbe programu ya mkopo imekwisha kukomba majina na nambari zote zilizomo simuni, na siku akichelewa kulipa, wanaotishwa ni shemeji, mchungaji, hata mwajiri. Kampuni itajitetea: mteja alibonyeza “nakubali”. Haya, shemeji naye alibonyeza wapi?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 hairuhusu ushenzi huu. Inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zilindwe. Zikivuja kwa namna ya kumhatarisha mwenyewe, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Huo ni wajibu wa biashara, si hisani kwa mteja.

Maneno matamu. Sasa soma kifungu cha 63: faini isiyozidi Sh5 milioni, au kwa kampuni, asilimia 1 ya mapato ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kutegemea ipi ni ndogo. Iliyo ndogo, jamani! Kampuni yenye mauzo ya Sh10 bilioni, asilimia yake moja ni Sh100 milioni. Haitatozwa zaidi ya milioni 5. Umoja wa Ulaya uliweka euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya dunia nzima, na huko hutazamwa iliyo kubwa. Wabunge wetu walichota mengi kwenye kanuni hizo za Ulaya; makali wakayaacha hukohuko.

Septemba 2023 Kamishna aliitoza Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, Sh2,975,000 kwa kutumia nambari za watu kuwatumia vitisho. Wakati huohuo shule ya Roma ilitozwa Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Shule ilistahili, sibishi. Lakini mkopeshaji mtesi kulipa kidogo kuliko shule? Ukimpa askari rungu la muwa, mwizi atalitafuna.

Bunge liifute hiyo “iliyo ndogo” na kuandika “iliyo kubwa”. Nanyi mnaotishwa kwa madeni msiyoyajua, hifadhini jumbe hizo mkamshtaki mkopeshaji kwa Kamishna. Sheria inamtaka amalize uchunguzi ndani ya siku 90, na kifungu cha 65 kinawapa haki ya kudai fidia. Idaini.