Riwaya Haianguki Kutoka Mbinguni

Leo nina jambo moja ambalo limenikaa rohoni tangu nilipoingia kidato cha tatu, nami naomba ruhusa yenu nilitoe. Jambo lenyewe ni hili: watunzi wa riwaya hupata wapi mambo ya kuandika? Je, ni kweli kwamba wao walizaliwa na hadithi kichwani, nasi wengine tukazaliwa mikono mitupu?

Nauliza kwa sababu kila tunapopewa insha ya kubuni, darasani husikika manung'uniko yale yale. "Mimi sina hadithi." "Kutunga ni kwa watu wa pwani." "Sisi wa shule ya kutwa tutaandika nini, na maisha yetu ni nyumbani-shuleni, shuleni-nyumbani?" Kinachofuata mnakijua. Jogoo anawika, miale ya jua inapenya dirishani, majambazi wanavamia benki, na mwishoni shujaa anazinduka na kugundua kwamba, kumbe, ilikuwa ndoto! Madaftari arobaini, ndoto arobaini. Wengi wetu hatujaingia benki hata siku moja, lakini kila muhula tunaivamia kwa kalamu.

Maoni yangu ni kwamba hadithi hazikosekani. Kinachokosekana ni jicho la kutazama na moyo wa kuuliza. Wala sisemi haya kwa kubahatisha. Hebu tuwatazame watunzi wenyewe, tuone walianzia wapi.

Kwanza, wako walioanzia nyumbani kwao. Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Hakuwa mtu wa pwani. Lugha ya kwao ilikuwa Kikerewe. Alipotoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, mwaka 1971, hakuwapeleka wahusika wake Ulaya. Aliwaweka pale pale Namagondo, wala hakujisumbua kukibadilisha kijiji jina. Baba mlevi, mama mvumilivu, binti anayelelewa kwa ukali hadi anapofika shuleni hajui afanye nini na uhuru wake. Sasa niambieni, ndugu zangu, ni mtaa gani hapa kwetu usiokuwa na nyumba kama hiyo? Kitabu hicho kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa muda. Mimi naona kisingewauma wakubwa kama kingekuwa porojo tupu.

Pili, wako walioanzia kwenye jeraha. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka mwaka 2025, alikuwa mwanafunzi wa sekondari kama sisi wakati wa hali ya hatari. Mwaka 1955 alirudi nyumbani Limuru kwa likizo baada ya muhula wake wa kwanza, akakuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishwa. Fikiria unarudi nyumbani na sanduku lako kichwani, na nyumbani hakuna! Tena alikuwa na ndugu wa kambo aliyeitwa Gitogo, ambaye alikuwa kiziwi. Askari wa mkoloni walimwamuru asimame, naye hakusikia, wakampiga risasi. Anayesoma A Grain of Wheat, riwaya iliyotoka mwaka 1967, atamkuta humo kijana kiziwi anayeuawa vivyo hivyo, na jina lake ni hilo hilo, Gitogo. Huyo hakuwa mhusika wa kubuni tu. Alikuwa mtu wa nyumbani ambaye mwandishi alikataa asahaulike.

Tatu, wako waliopewa mbegu na wazee. Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto. Hakuwa na muda wa kukaa chini ya mti akingoja upepo umletee hadithi. Lakini alikuwa na masimulizi aliyoyapata kwa mama yake kuhusu wanawake waliotangulia katika ukoo wao. Humo ndimo alimopata The River and the Source, kilichochapishwa mwaka 1994 na kutunukiwa Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Kaka na dada zetu wengi walikisoma darasani. Je, wewe nyanya yako akianza kusimulia, hukimbilii simu? Mzee akifa na masimulizi yake, hakuna duka la kuyanunua tena.

Nne, kuna historia na jasho la watu wa kawaida. Mwaka 1948 makuli wa bandari ya Zanzibar waligoma. Wakati huo Adam Shafi alikuwa mtoto mdogo, maana alizaliwa mwaka 1940. Alipokua aliuchukua mgomo ule akaufanya uti wa mgongo wa riwaya yake Kuli, ya mwaka 1979. Wabeba mizigo, watu ambao hata hatuwaamkii tukipita sokoni, wakawa mashujaa wa kitabu.

Hata hivyo, mfano unaonigusa zaidi ni wa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Amepata kueleza kwamba mwaka 1984, baada ya miaka mingi ugenini Uingereza, alirudi kwao. Siku moja alimtazama baba yake, ambaye sasa alikuwa mzee, akivuka njia kwenda msikitini. Basi! Hakuna risasi, hakuna jambazi. Mzee anakwenda kuswali. Lakini mwana akajiuliza: huyu baba alikuwa mtoto mdogo wakati Waingereza walipokuja kutawala. Mtoto wa wakati ule aliyaonaje mambo yale? Swali hilo likamkaa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1994, ikatoka riwaya Paradise, ambayo tangu mwaka 2022 tunaweza kuisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Mnaona? Watu wangapi walimwona yule mzee akienda msikitini siku ile? Wote walimwona, ila mmoja tu ndiye aliyeuliza.

Najua kuna watakaosema, "Mbona wengine hupata hadithi vitabuni?" Kweli, nakubali. Muhammed Said Abdulla, aliyetuletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alikuwa amemjua mpelelezi wa Kiingereza, Sherlock Holmes. Lakini hakumwacha London. Alimleta Unguja, akampa kiko chake na Kiswahili kitamu, akawa mtu wa huku. Naye Chinua Achebe wa Nigeria, alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Ibadan, alisomeshwa riwaya ya Joyce Cary kuhusu Mnigeria mmoja, akaona huyo si Mnigeria anayemjua. Ubishi huo ulikuwa sehemu ya kilichomsukuma aandike Things Fall Apart mwaka 1958, ambayo kwa Kiswahili iliitwa Shujaa Okonkwo. Kwa hiyo kusoma si kunakili. Unaweza kusoma kitabu ukakasirika, na hasira hiyo ikazaa kitabu.

Wengine watanijibu kwamba fasihi ni ubunifu, na kwamba ukiandika yaliyotokea umeandika habari za gazeti. La hasha! Tazameni Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Nchi yenyewe inaelea hewani! Hakuna aliyewahi kufika huko kwa basi wala kwa meli. Lakini Karama anashtakiwa kwa sababu ametaka watu wafundishwe sheria, na Shaaban Robert alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika idara ya forodha chini ya serikali ya kikoloni. Aliijua nchi ambayo mtu hawezi kusema ukweli waziwazi. Nchi aliibuni, uchungu hakuubuni. Hata mti ukifika mawinguni, mizizi iko udongoni.

Sasa turudi kwetu. Karibu na lango la shule kuna fundi viatu. Ukutani pa kibanda chake ametundika viatu vyeusi vya mtoto wa shule ya msingi, vimeshonwa vizuri na kupakwa rangi. Nimeviona hapo tangu muhula wa kwanza. Hakuna aliyekuja kuvichukua. Kila nikipita hujiuliza: mtoto yuko wapi? Familia imehama kwa sababu ya kodi? Zile shilingi za kulipa fundi zilikosekana? Na kwa nini fundi haviuzi, ilhali naye ana njaa yake? Mimi sijui majibu, na ndiyo maana naona hapo pana riwaya nzima inayoning'inia kwa msumari mmoja. Sote tunapita hapo kila siku tukienda darasani kuandika kuhusu benki.

Na kuna foleni ya maji saa kumi na moja alfajiri. Kuna makanga aliyekuwa wa kwanza darasani miaka miwili iliyopita. Kuna mama mboga anayejua nyumba gani italala njaa kabla ya wenye nyumba kukiri. Sisi wa kutwa tunarudi katika hayo yote kila jioni. Wenzetu wa bweni wana taa na muda wa kudurusu, na Mungu awazidishie. Lakini kwa upande wa hadithi, sisi ndio matajiri!

Kuna hofu moja ambayo siwezi kuipuuza. Mwenzangu mmoja aliniambia, "Nikiandika ya kwetu nitaianika familia." Ni kweli, siri ya nyumba huhifadhiwa. Ndiyo sababu mtunzi hubadilisha majina, mahali na umri, huwaunganisha watu watatu wakawa mmoja. Mtu asitumie kalamu kumwaibisha jirani. Lakini kukaa kimya kabisa si dawa pia, maana mficha uchi hazai.

Kwa walimu wetu wapendwa, naomba kusema kwa heshima na taadhima. Tunafunzwa kukariri mianzo na tamathali za kupambia insha, nami najua nia ni tupate alama nzuri katika mtihani. Methali na misemo ni utajiri wetu, sizikatai. Lakini pambo huvalishwa mtu, halivalishwi kivuli. Tupeni mara moja kwa muhula insha isiyo na jogoo wala ndoto: tumwulize mzee mmoja swali moja, kisha tutunge kutokana na jibu lake. Mkikuta makosa ya sarufi, sahihisheni bila huruma. Ila mtakuta pia mambo ambayo hamjawahi kuyasoma katika madaftari yetu.

Nanyi wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, nunueni kijidaftari kidogo cha mfukoni. Kila siku andikeni kitu kimoja mlichokiona na swali moja juu yake. Msiandike majibu, maswali yanatosha kwa sasa. Mkutano wa kwanza wa muhula ujao tuyalete tusomeane.

Chanda chema huvikwa pete, lakini kwanza chanda hicho kishike kalamu. Wasalaam.