San Siro si wa kubomolewa kirahisi hivyo
Makala yenu kuhusu uwanja wa San Siro ni nzuri, ila Kombe la Dunia la 1990 mmelipita haraka mno. Uwanja ulijengwa na Piero Pirelli, rais wa AC Milan, ukafunguliwa Septemba 1926, na Inter wakawaharibia wenyeji sherehe kwa mabao 6-3. Inter hao hao wakahamia hapo mwaka 1947! Paa lenye vyuma vyekundu lilikuja na Kombe la Dunia la 1990. Waafrika hatuwezi kusahau Juni 8 mwaka ule: Kamerun wako 10 hapo hapo San Siro, Omam-Biyik anaruka juu ya mabeki, kichwa, mpira unamponyoka kipa, bao! Argentina ya Maradona kwisha. Sasa klabu hizo mbili zinataka kuubomoa karibu wote. Jiji la Milano halikupaswa kukubali.