Njia ya Misafara Haitafitiwi kwa Fani Moja

Mwaka 1876 James Christie, tabibu aliyefanya kazi Unguja, alichapisha kitabu kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki. Hakutegemea wagonjwa wake peke yao: aliwahoji pia wafanyabiashara na wasafiri, akaonyesha kwamba ugonjwa ulifuata njia za misafara. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, hadi Ujiji.

Misafara imekoma, njia ingali hai. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi Ulyankulu, mkoani Tabora. Mei 2015 kipindupindu kilizuka miongoni mwa wakimbizi waliosongamana Kagunga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Tiba ilijulikana, lakini kwa nini watu walikusanyika pale, na nani awahamishe, hayo ni maswali ya siasa za mataifa.

Kwa hiyo naona utafiti wa magonjwa yavukayo mipaka katika njia hii uasisiwe na fani kadhaa tangu siku ya kwanza. Mara nyingi daktari huandika andiko la utafiti, kisha humwalika mtaalamu wa uhusiano wa kimataifa aongeze aya ya sera. Kiraka hicho hakibadili swali wala mbinu.

Swali lizaliwe pamoja. Kwa mfano: ni nini huchelewesha taarifa ya ugonjwa kuvuka mpaka? Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 huitaka nchi kuliarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kutathmini tukio. Daktari atahesabu siku tangu mgonjwa wa kwanza; mwanadiplomasia atachunguza hofu ya kupoteza biashara; mwanahistoria atafuatilia njia; mwanaisimu atawahoji wasafiri kwa Kiswahili, Kiha na Kirundi.

Kabla ya kwenda uwandani, wakubaliane kwa maandishi: takwimu ni mali ya nani, sampuli zitahifadhiwa nchi gani, na matokeo yanayoiudhi serikali mojawapo yatatangazwaje.

Watakaosema mpango huu ni ghali na wa polepole wana haki. Hata hivyo, ripoti isiyoeleza ukimya wa mpakani itamwacha mganga wa Kigoma akisubiri habari ambazo wagonjwa wameshamletea.