Mashine ya Kunakili na Siri za Watu



Wasomaji wetu watukufu, twaulizwa mara kwa mara na walimu wa madrasa, makarani wa kujitegemea na kina mama wenye ofisi katika sebule zao, kuanzia Kibokoni hata Mkanyageni: mtu atakaye mashine ya kunakili kwa kazi ndogo, anunue ipi? Swali hili kwa sehemu kubwa ni la kidunia. Lakini pana mahali linapogusa amana, na ndipo tutakapokaa zaidi.

Tuanze na mfuko. Wengi hutazama bei iliyobandikwa kwenye mashine, ilhali gharama imo katika ukurasa. Tuchukulie mfano: mashine moja tona yake ni shilingi 3,000 na hutoa kurasa 1,000, yaani shilingi 3 kila ukurasa. Ya pili tona yake ni shilingi 6,000 lakini hutoa kurasa 6,000, yaani shilingi 1. Mwenye kunakili kurasa 500 kwa mwezi ataona tofauti ya shilingi 12,000 kwa mwaka. Tena hesabu ya kiwandani hufanywa kwa ukurasa uliofunikwa na wino kiasi cha asilimia 5 tu. Ukurasa wa juzuu wenye irabu zake zote, au nakala ya kitambulisho, hula zaidi ya hapo.

Mashine ya wino wa maji humfaa mwenye kazi ya kila siku, kwani ikilala majuma kadhaa wino hukauka katika vitundu vyake. Madrasa inayofunga Ramadhani nzima heri itafute ya leza, ambayo hutumia unga. Hiyo nayo huuyeyusha unga kwa moto ili ushike karatasi, hivyo huvuta umeme mwingi kwa ghafula. Isichomekwe kwenye kile kisanduku cha betri cha kulindia kompyuta. Na kwa hewa yetu ya bahari, karatasi hunywa unyevu, zikajikunja na kukwama. Rimu likishafunguliwa lifungwe tena ndani ya nailoni. (Iliyokwama ikiwa na aya isitupwe jaani, ichomwe au izikwe.)

Kabla ya kulipa, zipimwe ngazi. Nyumba nyingi za Mji wa Kale ngazi zake ni nyembamba na za mwinuko, na ile mashine kubwa ya kusimama sakafuni huhitaji wanaume kadhaa kuipandisha ghorofani. Siku ya kuharibika, hao wanaume hawaonekani.

Mashine kubwa za namna hiyo zinazouzwa kwa bei nafuu aghalabu zimekwisha kutumika ng'ambo. Hatuzikatai. Ila nyingi zina diski ndani, kama ya kompyuta, iwezayo kuhifadhi sura ya karatasi zilizopita juu ya kioo. Mwaka 2010 waandishi wa CBS News wa Marekani walinunua mashine nne kuukuu kutoka ghala moja la New Jersey. Katika diski zake wakakuta karatasi za polisi wa Buffalo na habari za wagonjwa. Shirika la bima ya afya lililokuwa limeikodi mojawapo, Affinity Health Plan, lilikubali mwaka 2013 kuilipa serikali zaidi ya dola milioni 1.2.

Sasa tuzitazame karatasi zinazopita katika ofisi ndogo ya hapa kisiwani: cheti cha ndoa, talaka, hati za mirathi ziendazo kwa Kadhi, majibu ya hospitali, pasipoti ya binti wa watu anayekwenda Ghuba kutafuta riziki. Mwenyewe hukukabidhi karatasi kwa dakika moja, akairudisha mkobani, akaondoka akidhani ameondoka nayo. Ikiwa nakala imebaki ndani ya mashine, imebaki dhamana yako wewe, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 nayo humtaka ashikaye habari za watu azilinde.

Rai yetu ni hii. Kwa ofisi ya nyumbani, inatosha leza ndogo ya mezani, ya wino mweusi, yenye kunakili pande mbili za karatasi, ambayo tona yake yapatikana hapa Mombasa bila kuagizwa Nairobi. Mashine hizo ndogo kwa kawaida hazina diski, lakini muuzaji aulizwe. Anunuaye kwa malipo ya polepole ajue kwamba bei ikikatwa mwanzoni, hata ikizidi ya taslimu, wanazuoni wengi wameijuzisha. Nyongeza anayotozwa mtu kwa kuchelewa ndiyo riba, basi mkataba usomwe kabla ya kutiwa saini.

Na aliye nayo tayari ile kubwa, amwite fundi amwonyeshe pa kuwasha mpango wa kufuta kumbukumbu. Siku ya kuiuza, diski itolewe kwanza, ivunjwe mbele ya macho yake.