Chama Alipohama, Shabiki Alibaki

 Najua wapo watakaocheka wakiona binti anaandika mambo ya mpira. Chekeni, ila mkimaliza msome mpaka mwisho, maana leo siongelei mpira peke yake.

Julai mwaka 2024, Yanga walipomtambulisha Clatous Chama, nilikuwa nyumbani Tunduma, likizo ya chuo. Kaka yangu ni Simba wa damu. Kazi yake ni kuhangaikia makaratasi ya malori pale mpakani, na kuna siku anarudi saa sita usiku, lakini mechi ya Simba haimpiti. Jezi yake namba 17 alikuwa anaifua mwenyewe kwa mkono, hataki mtu aiguse. Siku ile alirudi mapema, hakula, akaingia kulala. Asubuhi nikamkuta mama anadeki sebule na ile jezi. Kaka ndiye aliyempa.

Nikamtania: "Kaka, si uhame na wewe umfuate?"

Akaniangalia kama nimemtukana. "Mdogo wangu, mchezaji ndiye anahama. Mimi nihamie wapi?"

Hilo jibu limenikaa kichwani mpaka leo. Nimelifikiria kama shabiki, kama mwanafunzi wa sheria, na kama kijana wa chama hiki.

Watu wa Dar wanaweza wasielewe Chama alikuwa nani kwetu. Sisi Zambia tunaiona dirishani. Unavuka barabara uko Nakonde, unabadilisha kwacha, unanunua unachonunua, unarudi kula chakula cha mchana nyumbani. Kwa hiyo Simba walipomleta mwaka 2018 kutoka Lusaka Dynamos, huku alionekana kama mtoto wa jirani kaja kuchezea timu ya nyumbani. Desemba mwaka huohuo Simba walifungwa 2-1 na Nkana kule Kitwe, wakarudi Dar wakashinda 3-1, na bao la tatu, lile la kisigino dakika za mwisho, alifunga Chama. Mzambia kaitoa timu ya Zambia! Nilikuwa sekondari. Nakumbuka jinsi watu wa kwetu walivyowatania jamaa wa ng'ambo, na jinsi jamaa walivyosubiri kulipiza.

Wakalipiza kweli. Januari 2024 kwenye AFCON kule Ivory Coast, Msuva katufungia mapema dhidi ya Zambia, wao wakabaki kumi uwanjani tangu kipindi cha kwanza. Kibanda umiza kilijaa mpaka watu wakakaa juu ya kreti za soda. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha. 1-1. Pale kibandani Simba na Yanga walikuwa wamekaa benchi moja wakishika vichwa. Hakuna aliyemuuliza mwenzake yeye ni wa timu gani.

Sasa tuongelee kuhama. Kwenye mpira wetu nimeona watu wa aina tatu wakihama.

Wa kwanza ni mchezaji. Huyo hatuna ugomvi naye. Ni mfanyakazi, mkataba ukiisha anaangalia maisha yake. Tena tusisahau, Chama aliondoka Simba mwaka 2021 kwenda RS Berkane ya Morocco, na aliporudi Januari 2022 mashabiki walimpokea kama mwana mpotevu. Hakuna aliyemwambia "ulituacha."

Wa pili ni timu yenyewe. Ihefu ilikuwa timu ya watu wa Mbarali, timu ya wakulima wa mpunga. Novemba 2022 ndiyo iliyowafunga Yanga 2-1 na kuvunja rekodi yao ya mechi 49 bila kufungwa. Nchi nzima ikaanza kuuliza Ubaruku ni wapi. Leo ile timu iko Singida na inaitwa Singida Black Stars. Shabiki wa Mbarali hakuhama hata hatua moja, ila timu imemhama. Mwambieni huyo habari za uaminifu muone atakavyowajibu.

Wa tatu ni shabiki. Watu husema shabiki hahami, mke unaweza kumbadilisha ila sio timu. Si kweli, na sisi wa Songwe ni mashahidi. Mbeya City ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2013, mkoa wetu ulikuwa haujazaliwa. Tulikuwa Mbeya wote, mpaka 2016 tulipogawanywa. Nilikuwa na miaka kumi. Baba yangu, Yanga wa miaka yote, aliweka kijani pembeni akavaa zambarau. Msimu ule City chini ya Juma Mwambusi walimaliza nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga. Watu wa huku walipanda Coaster kwenda Sokoine, na wengine walifuata timu mikoani. Mtu mzima unamkuta anaimba barabarani.

Halafu ikaisha. Wachezaji wakaondoka mmoja mmoja, matokeo yakawa mabaya, na mwaka 2023 timu ikashuka daraja. Baba amerudi zake kijani. Nilipomuuliza kwa nini aliiacha City, alisema: "Mwanangu, sikuiacha. Nilichoka kwenda kule na hakuna anayetuambia kinachoendelea."

Shikeni hilo neno "kuchoka," nitalirudia.

Tuje kwenye siasa sasa. Tunduma kuhama tunakujua vizuri. David Silinde alikuwa mbunge wa Momba kwa tiketi ya CHADEMA. Mwaka 2020 akahama, akagombea Tunduma kwa tiketi ya CCM, akatangazwa mshindi, na baadaye akawa naibu waziri. Jinsi ule uchaguzi ulivyokwenda kila mtu wa Tunduma ana maelezo yake, leo sifungui hilo faili. Kabla yake walikuwepo wabunge na madiwani wengi nchini waliohama "kuunga mkono juhudi," na uchaguzi mdogo ukafanyika kwa fedha za walipakodi.

Sheria inasemaje? Katiba, ibara ya 71(1)(e), inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa, anapoteza ubunge. Na ibara ya 67 inataka mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Mchungaji Mtikila alipambana na sharti hilo miaka mingi ili raia aweze kugombea bila chama, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya pale Arusha ikampa haki. Katiba yetu mpaka leo haijabadilika.

Kwa hiyo kisheria kiti ni cha chama. Mbunge ni kama mchezaji, akivua jezi anaacha na namba. Sawa. Lakini angalieni nani hayumo kwenye hiyo hesabu. Mpigakura! Mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri haulizwi mbunge wake anapohama, na haulizwi chama kinapomfukuza. Yeye amekaa jukwaani tu, anaangalia.

Hapo ndipo jibu la kaka linaponigusa. Yeye hakumfuata Chama kwa sababu alichokuwa anakipenda hakikuwa mguu wa Chama. Sisi makosa yetu mara nyingi ni kupenda miguu ya watu. Tunampa mtu mmoja kila kitu, tunaimba jina lake, tunachora sura yake kwenye tisheti, akihama tunabaki uchi. Kama tuliingia chama hiki kwa ajili ya mtu, tutatoka naye. Kama tuliingia kwa ajili ya hoja, yaani ushuru wa mama muuza nyanya, foleni ya malori isiyoisha, maji, Katiba Mpya, basi hoja hizo hakuna anayeweza kuzisajili dirisha dogo.

Mpaka hapa najua mnapiga makofi. Sasa nije kwetu.

Kuna mwenzetu, binti wa umri wangu, alirudisha kadi mwaka jana. Simtaji. Habari ilipoingia kwenye grupu la vijana, mvua ya matusi ilinyesha. Msaliti. Kanunuliwa. Mmoja akaandika bei aliyodai amelipwa, wengine wakaongeza sifuri. Mimi sikuandika neno, ila niliweka ile katuni ya kucheka. Nilicheka. Naandika hapa ili nisijifiche.

Likizo hii nilikutana naye sokoni. Nilitaka kupita kama sijamuona, akaniita kwa jina. Tukasimama. Nikamuuliza, kwa nini? Akasema: "Dada, miaka mitatu nilikuwa napanga viti na kupika chai ya wageni. Siku nilipoomba kugombea nafasi kwenye tawi, nikaambiwa nisubiri, kuna kaka ameandaliwa. Kule sikuvutwa. Nilichoka hapa."

Kuchoka. Neno lilelile la baba.

Nilikosa jibu. Na hakulipwa shilingi. Kama kuna aliyelipwa, sio yeye.

Ndugu zangu, ushabiki wa Simba na Yanga una uzuri wake, lakini kuna mawili hatutakiwi kuyaleta kwenye chama. La kwanza ni kutouliza. Shabiki akifungwa 5-1, kama Simba Novemba 2023, analaumu refa, analaumu kocha, kesho anarudi kununua jezi. Raia akifanya hivyo kwa chama chake, chama kinaoza. Hata huko kwenye klabu, mageuzi yaliyofanyika yanataka wanachama wabaki na asilimia 51, mwekezaji asizidi 49. Maana yake mwenye timu ni mwanachama. Sisi tunaopinga mambo ya kuamuliwa juu na kushushwa chini, hebu tujiulize: kwenye matawi yetu mwanachama ana asilimia ngapi? Binti anayepanga viti ana ngapi?

La pili ni kumchukia anayeondoka. Ibara ya 20 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kujiunga na wenzake, na inakataza kumlazimisha mtu kujiunga na chama chochote. Haki hiyo tunaidai kila siku jukwaani. Hatuwezi kuidai asubuhi, jioni tukamtukana anayeitumia. Kiongozi aliyepewa kura zetu akazibeba, huyo muulizeni maswali magumu, ana deni. Lakini kijana wa kawaida aliyechoka hana deni. Yeye ndiye tunayemdai sisi wenyewe maelezo: tulimchosha na nini?

Wapo watakaosema, "Dada, unawatetea wasaliti, utawapa watu moyo wa kuondoka." Naielewa hofu hiyo. Tumepoteza wengi, na kuna waliokaa wakaumia, wakalala rumande, wakapoteza biashara, wakati wenzao wanahamia kwenye kivuli. Uchungu wao ni halali. Ila tusi halijawahi kumrudisha mtu. Linamfungia mlango aliyetoka, na linamfundisha aliyebaki kunyamaza. Mashabiki wa Simba walimpokea mtu aliyekwenda Morocco kutafuta hela. Sisi tunashindwa kumsalimia binti wa mtaa wetu?

Novemba 2024 kulikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa sababu za fomu, tunajua wote. Uchaguzi wa namna hiyo unahitaji watu wanaojua kujaza fomu, watu wa kusimamia vituo, watu wanaojua kila nyumba kwenye mtaa. Yule binti anajua kila nyumba. Alikuwa anazunguka nazo kuomba viti!

Kwa hiyo nina maombi matatu. Moja, kila tawi la vijana lipige hesabu ya walioondoka tangu 2020, na waendewe na mtu mmoja, kwa heshima, aulize swali moja tu: ulichoka na nini? Akisikiliza amalize, asibishane. Mbili, kabla ya mapendekezo ya wagombea, kila anayetaka nafasi asikike mbele ya wanachama. Habari za "ameandaliwa" ziishe. Tatu, kwenye magrupu yetu matusi kwa waliohama yakome, na viongozi wa vijana waanze wao.

Mimi nimeanza na langu. Nimemtumia yule dada ujumbe kumuomba radhi kwa kile kicheko. Ameusoma, hajajibu. Ni haki yake. Jumapili nitapita kwao kabla ya kikao, bila kadi mkononi.

Kaka naye, mkitaka kujua, alinunua jezi mpya kabla ya Simba Day. Wiki hiyohiyo Yanga wakawafunga 1-0 kwenye Ngao ya Jamii, akanuna siku mbili, akapona. Nimeiangalia ile jezi ikiwa kambani. Mbele iko sawa na zote. Mgongoni safari hii hakuandika jina la mtu.