Zamu ya Maji: Barua kwa Wenye Kampuni za Mlimani

Hamburg

Ndugu zangu mnaopandisha wageni Kilimanjaro,

Nawaandikia kutoka mji wa bandari ambako magunia ya kahawa hushushwa, na ambako kazi yangu ni kupanga ratiba za watu kumi na wanane ghalani. Mdogo wangu, aliye mwenzenu katika biashara hiyo, ameniambia kwamba wageni wanafuta safari mfululizo, na kwamba baadhi yenu mmeacha kupokea simu za wagumu wenu, wabeba mizigo. Hilo la simu limeninyima usingizi.

Nimewahi kuwa mgumu. Mwaka 2009, uchumi wa dunia ulipoyumba, kampuni niliyoibebea mizigo ilituambia tusubiri. Tukasubiri. Kila asubuhi tulitoka Majengo, mjini Moshi, kwa miguu hadi ofisini, tukakuta mlango umefungwa. Wenzangu wawili walikataa vibarua vya ujenzi wakiogopa safari itawapita. Baadaye tukaja kujua kwamba bosi alikuwa na habari tangu Januari. Angetuambia, tungekwenda kupalilia, tungeongea na mwenye nyumba mapema. Kukosa kazi nililimeza. Miezi mitatu aliyonipotezea bado inaniuma.

Na sisi ni watu tunaojua kugawana kichache. Mnakumbuka kiangazi, maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, yalipokuwa membamba kama kamba? Mzee wa mfongo aliita kaya zote, zamu zikafupishwa, na kila mmoja akasikia zamu ya jirani yake ni lini. Hakuna aliyenyweshea siku nzima huku kihamba, shamba la nyumbani, cha jirani wa chini kikikauka. Siku ya kuzibua, wote tulikuja na majembe. Gawanyeni safari hivyohivyo. Kama thelathini zimebaki kumi, andikeni zamu kwenye karatasi, ibandikeni ukutani, mgumu wa Pasua aone jina lake liko wiki gani. Na jina la shemeji lisiruke foleni.

Aprili 2020, ndege za kimataifa ziliposimama Tanzania kwa sababu ya korona, huku Hamburg nasi tulikuwa tumekaa bila kazi. Meneja wetu alituita uani, akataja fedha iliyobaki na ingetosha mishahara ya miezi mingapi. Akasema ameanza kukata mshahara wake mwenyewe. Saa za kazi zikapunguzwa kwa wote, na serikali ya Ujerumani ikatulipa angalau asilimia 60 ya mshahara wa mkononi tulioukosa. Najua Moshi mgumu asiye na safari hana fungu kama hilo. Ndiyo maana huko kuchelewa kumwambia kunamuumiza zaidi.

Kuhusu hesabu za wazi, mnapita kila siku karibu na jengo la KNCU, chama cha ushirika cha kahawa. Chama kile kilianza 1933, bei ya kahawa ikiwa imeporomoka duniani, kikarithi kazi ya chama cha wakulima cha 1925. Kukusanya kahawa ya vihamba vingi na kuiuza kwa pamoja kuliwasaidia wengi. Lakini 1937, malipo yalipokuwa madogo kuliko matarajio, wakulima waliotakiwa kuuza kupitia chama hicho tu wakayavamia maghala ya vyama vyao wenyewe vya msingi. Sababu zilikuwa nyingi, siasa za machifu zikiwemo. Mimi huwa nawaza kuhusu yule mkulima aliyekabidhi gunia, akapewa senti, na hesabu yenyewe akaiona imefanywa gizani.

Kuna jambo nawasihi kwa moyo wote: msivutane wageni kwa bei ya kutupa. Ada za hifadhi huwezi kumwomba mtu akupunguzie. Sasa ukimuuzia mgeni safari kwa hasara, pengo unaliziba wapi? Utaliziba kwenye sahani ya mgumu, kwenye posho yake, kwenye idadi ya watu, mpaka mzigo uliosoma kilo 20 getini uongezwe baada ya kona ya kwanza. Nimebeba mzigo wa namna hiyo kutoka lango la Machame, mvua ikinyesha, na ningali nauhisi shingoni. Afadhali upandishe safari nne zenye chakula kamili kuliko saba za njaa. Ukishawaambia watu wako kwamba ni nne, na kwa nini, watajua wafanye nini na wiki zilizobaki. Mwenye shamba ataenda shambani, na safari ikipatikana atapanda na wewe.

Nitatua uwanja wa ndege wa KIA wiki moja kabla ya Krismasi. Kabla sijapanda kijijini Marangu nitapita ofisini kwa mdogo wangu, ambaye ameniahidi kwamba karatasi ya zamu za Januari itakuwa ukutani. Nataka kuyasoma majina yote. Nitaanza na la yule mpishi wa Njoro aliyenivulia glavu zake pale kambi ya Barafu.

Ndugu yenu