Kura ya Kamukunji yavuka kabila na dini

MITAA ya Eastlands jijini Nairobi haijawahi kuwa ya kabila moja. Eastleigh, ulioanzishwa 1921, ulikaliwa kwanza na Wahindi na Wasomali. Serikali ya Somalia ilipoanguka 1991, wakimbizi kutoka huko walifika kwa wingi, na mtaa ukageuka soko kuu la nguo.

Ujirani huo ulitiwa majaribuni Novemba 2012, matatu ilipolipuliwa. Kesho yake vijana wa Kisomali na wenzao wa makabila mengine walirushiana mawe. Desemba, mlipuko karibu na msikiti ulimjeruhi vibaya Mbunge wa Kamukunji, Bw Yusuf Hassan, Mwislamu wa jamii ya Wasomali.

Hata hivyo, Machi 2013 wapiga kura, Wakristo wengi wakiwemo, walimrejesha bungeni, wakamchagua tena 2017 na 2022.

Ajabu ni kwamba serikali ndiyo iliyoshindwa kuwaiga wapiga kura hao. Aprili 2014, katika msako dhidi ya ugaidi, polisi waliwakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, na kuwazuilia baadhi yao katika uwanja wa Kasarani. Wenye vitambulisho vya Kenya nao hawakusazwa.